Mijongeo midogo na ya polepole inawezaje kupunguza maumivu ya mgongo ambayo mazoezi ya nguvu hayakuyapunguza?

Mwanafunzi Mzee aliuliza:

Habari zenu wanajukwaa. Nina umri wa miaka 61, na kwa miaka kadhaa nimekuwa na maumivu ya sehemu ya chini ya mgongo, yakiambatana na kukakamaa kwa nyonga ya kulia kunakonifanya nivae soksi kwa taabu na nishindwe kugeuka vizuri kuangalia nyuma ninapoendesha gari. Daktari amenipima, picha zimepigwa, na ameniambia kwamba hakuna ugonjwa wa hatari wala neva iliyobanwa. Kilichoonekana ni uchakavu wa kawaida kwa mtu wa umri wangu. Nilielekezwa kufanya mazoezi ya kuimarisha misuli ya tumbo na kunyoosha misuli ya nyuma ya paja. Nimeyafanya kwa bidii, lakini kila ninapoongeza juhudi, kesho yake mgongo hukaza zaidi.

Sasa nimesikia habari za mafunzo ya mijongeo ya upole, hasa mbinu inayoitwa kwa jina la Feldenkrais, ambamo mtu hulala sakafuni akafanya mijongeo midogo sana kwa kufuata maelekezo ya mwalimu, bila kutoka jasho na bila kujivuta hadi mwisho wa uwezo wake. Kwa kweli naona vigumu kuamini. Ikiwa misuli yangu ni dhaifu na mifupi, kuinamisha fupanyonga kwa kiasi ambacho hata jirani hakioni kutaibadilishaje? Nawaomba wenye ujuzi wanieleze jambo hili linavyofanya kazi, lina ushahidi gani, na ikiwa nataka kulijaribu nyumbani nianze na nini. Ningependa pia kujua ni nani hapaswi kulijaribu.

Mwalimu wa Mijongeo alijibu:

Shikamoo mzee wangu, na pole kwa maumivu. Mimi hufundisha mbinu hiyo, kwa hiyo maneno yangu yapime ukijua kwamba nina upande. Swali lako la msingi linajibika vizuri zaidi ukiacha kwanza kulitazama tatizo kama udhaifu na ufupi wa misuli peke yake.

Msuli hufanya kazi kwa amri ya mfumo wa neva, na mfumo huo hutoa amri kwa kutegemea habari unazopokea kutoka kwenye misuli yenyewe, kano, viungo, ngozi, macho na sikio la ndani. Mtu aliyeumwa mgongo kwa muda mrefu hujenga mazoea ya kujilinda: hukaza misuli ya mbele na ya nyuma ya kiwiliwili kwa wakati mmoja, huzuia pumzi kabla ya kuinama, na huzisogeza pingili za kiuno zote kwa pamoja kana kwamba hazina maungio kati yake. Mwanzoni, maumivu yakiwa mapya, ulinzi huo una maana. Shida ni kwamba huweza kuendelea muda mrefu baada ya sababu yake kwisha, na kwa kuwa umeshakuwa hali ya kawaida, mwenyewe hausikii tena. Ukimwambia mtu wa namna hiyo aimarishe tumbo, huenda akaongeza nguvu juu ya mkazo uleule. Ndiyo maana sishangai ukisema kwamba juhudi ikizidi mgongo unakaza.

Hapo ndipo udogo wa mjongeo unapopata maana yake. Katika karne ya 19 mwanasayansi Mjerumani Ernst Weber alionyesha kwamba uwezo wetu wa kutambua tofauti hutegemea ukubwa wa kile tulichonacho tayari: aliyebeba gunia la kilo 50 hatatambua ukimwongezea gramu 20, lakini aliyeshika bahasha mkononi atazitambua mara moja. Juhudi ya misuli nayo iko hivyohivyo. Ukisukuma kwa nguvu zako zote, huwezi kusikia kwamba upande wa kushoto unaanza kazi kabla ya wa kulia, wala kwamba taya limekazwa, wala kwamba mbavu hazisogei. Ukipunguza juhudi hadi ibaki kidogo sana, tofauti hizo zinaanza kusikika, na kisichosikika hakiwezi kuchaguliwa wala kuachwa. Kwa hiyo tunachofundisha si kunyoosha. Tunafundisha kutambua tofauti, na mjongeo unabadilika kwa sababu ubongo umepata njia nyingine ya kuuendesha.

Sasa kuhusu kuanza. Somo ambalo mara nyingi huwapa wenye shida kama yako ni la saa ya fupanyonga. Lala chali juu ya mkeka au blanketi lililokunjwa, usilale juu ya godoro laini kwa sababu linameza habari unazozihitaji. Kunja magoti, nyayo ziwe sakafuni kwa upana wa nyonga, na kichwa kiwekee kitu chembamba ikiwa kidevu kinainuka juu. Kabla hujasogeza chochote, chunguza namna unavyogusa sakafu: bega lipi limelala zaidi, kuna nafasi kiasi gani chini ya kiuno, kalio lipi linabeba uzito mwingi. Usirekebishe kitu. Unakusanya habari tu za kulinganisha baadaye.

Kisha fikiria kwamba nyuma ya fupanyonga lako kumechorwa uso wa saa, namba 12 ikiwa juu karibu na kiuno na namba 6 ikiwa kwenye kifandugu. Viringisha uzito taratibu kuelekea 12, na kiuno kitasogea kuelekea sakafuni. Rudi katikati, halafu nenda kuelekea 6, na kiuno kitainuka kidogo. Fanya mara chache, kwa nusu ya kiasi unachoweza, halafu kwa nusu ya nusu hiyo. Angalia kama kichwa nacho kinaitikia, maana pingili zikiachiliwa, kidevu hushuka na kupanda kidogo bila wewe kukituma. Pumzika ukiwa umenyoosha miguu. Baada ya hapo tafuta 3 na 9, yaani uzito uende upande mmoja na mwingine wa fupanyonga, na uchunguze kama goti linayumba kwa sababu unalisukuma au kwa sababu fupanyonga limeligeuza. Mwisho zunguka saa nzima, kwanza robo, kisha nusu, kisha duara kamili kwa pande zote mbili.

Utakutana na sehemu ambako unaruka namba, yaani unatoka 2 ukajikuta 4. Wanafunzi wengi wakifika hapo huongeza nguvu ili wapite. Afadhali upunguze mwendo na ukubwa mpaka uone ni wapi hasa unapoteza njia, na ukiona bado, fanya duara hilo kwa mawazo tu bila kusogea. Tafiti za ubongo zimeonyesha kwamba kuuwaza mjongeo huamsha sehemu nyingi zilezile zinazofanya kazi wakati wa kuutenda, na kwa mwenye maumivu faida yake ni kwamba anajifunza bila kuuchokoza mgongo.

Kanuni za somo ni chache lakini ni ngumu kuzitii. Maumivu yakianza, punguza ukubwa wa mjongeo mpaka yasiwepo, na ikiwa hata mdogo kabisa unauma, acha. Pumzika mara nyingi kuliko unavyodhani unahitaji. Pumzi isikatike. Usihesabu marudio kana kwamba kuna idadi ya kufikia. Mtu anayehesabu ameshaacha kusikiliza. Na ukimaliza, usisimame kwa kurupuka: geuka ubavu, jisukume kwa mikono, kisha utembee polepole chumbani uone kama hatua zako zimebadilika.

Ukipata mwalimu, utakuta mbinu hii ina njia mbili. Katika masomo ya kikundi mwalimu huongoza kwa maneno tu na hakuonyeshi mfano, kwa makusudi, ili usimwige yeye bali ujitafute mwenyewe. Katika somo la mtu mmoja, mwalimu hukugusa na kukusogeza kwa mikono yake huku ukiwa na nguo zako zote, umelala au umeketi. Hatufanyi masaji, wala hatukunji mifupa ili ilie.

Fizio wa Zamani alijibu:

Nimefanya kazi ya fiziotherapia kwa miaka mingi, na ningependa kujibu sehemu mbili ambazo mwenzangu amezigusa kidogo, yaani ushahidi na tahadhari.

Tuanze na ukubwa wa tatizo, kwa sababu wengi hudhani wako peke yao. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu milioni 619 walikuwa na maumivu ya chini ya mgongo mwaka 2020, na kwamba idadi hiyo itafikia milioni 843 ifikapo mwaka 2050. Kwa walio wengi hakuna ugonjwa wala jeraha mahususi linaloweza kuonyeshwa kuwa ndicho chanzo. Ule uchakavu ulioonekana kwenye picha zako huonekana pia kwa watu wengi wa rika lako wasio na maumivu yoyote, kwa hiyo usiubebe kama hukumu. Desemba 2023 Shirika hilo lilitoa mwongozo wake wa maumivu sugu ya chini ya mgongo, yaani yanayozidi miezi mitatu, ambao unapendekeza elimu kwa mgonjwa, programu za mazoezi, baadhi ya tiba za mikono na tiba za kisaikolojia, na haupendekezi mikanda ya kiuno, kuvutwa uti wa mgongo, wala dawa za kundi la afyuni kama matibabu ya kawaida.

Kuhusu mbinu ya Feldenkrais yenyewe, mapitio ya kitafiti yaliyochapishwa mwaka 2015 yalikusanya majaribio 20 yaliyowagawa washiriki kwa bahati nasibu. Matokeo yenye matumaini zaidi yalikuwa kwenye uwiano wa mwili wa wazee, yaani kusimama na kutembea bila kuyumba. Hata hivyo majaribio mengi yalikuwa madogo, ubora wake haukulingana, na yalipima mambo tofauti, hivyo ni vigumu kuyajumlisha. Kwa maumivu ya mgongo nasema kuna dalili njema, sisemi kuna uthibitisho.

Mbinu iliyo jirani yake, ya Alexander, inayofundisha kukaa, kusimama na kusogea bila mkazo usio wa lazima, ina jaribio kubwa zaidi. Lilichapishwa katika jarida la kitabibu la BMJ mwaka 2008 likiwa na washiriki 579 wenye maumivu ya mgongo ya muda mrefu au yanayojirudia. Baada ya mwaka mmoja, waliopata huduma ya kawaida waliripoti siku 21 za maumivu katika wiki 4, wakati waliopewa masomo 24 ya ana kwa ana walikuwa na siku pungufu kwa 18, na waliopewa masomo 6 walikuwa na siku pungufu kwa 10. Jambo lililonivutia kama mtaalamu ni kwamba masomo 6 yaliyofuatwa na ushauri wa kufanya mazoezi, hasa ya kutembea, yalikaribia faida ya masomo 24. Kwa maoni yangu hilo linaonyesha kwamba kujifunza namna ya kusogea na kuutumia mwili kwa mazoezi ya kawaida havipingani.

Ndiyo maana nisingependa uache kabisa mazoezi ya nguvu. Misuli hupungua kadiri umri unavyosonga, na mijongeo midogo ya sakafuni haiirudishi. Mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2020 unawataka watu wazima wafanye mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku 2 kwa wiki, pamoja na dakika 150 hadi 300 za shughuli za wastani kama kutembea kwa haraka. Ushauri wangu ni uanze na somo la sakafuni, kisha urudishe uzito kidogo kidogo: kuinuka kitini, kupanda ngazi, kubeba mzigo mwepesi. Ukiona mgongo umekaza siku inayofuata, rudi hatua moja nyuma badala ya kuacha yote. Na kwa misuli ya nyuma ya paja, huenda haikuwa mifupi tangu mwanzo. Mara nyingi hukaa imekazwa kwa sababu mgongo unajilinda, na ukiivuta kwa nguvu unaupa mfumo wa neva sababu nyingine ya kujilinda.

Sasa tahadhari. Mtu yeyote mwenye maumivu ya mgongo ambaye ameanza kushindwa kuzuia mkojo au haja kubwa, au kushindwa kukojoa, au anayesikia ganzi sehemu za siri na katikati ya mapaja, au ambaye miguu inalegea kwa haraka, aende hospitali siku hiyohiyo, kwa kuwa neva za chini ya uti wa mgongo zinaweza kuharibika kabisa. Homa, kupungua uzito bila sababu, historia ya saratani, kuanguka kwa kishindo, au maumivu ya usiku yasiyobadilika kwa namna yoyote unavyolala, ni mambo ya kumwona daktari kwanza. Mwenye mifupa iliyopungua uzito aepuke mijongeo ya kukunja mgongo mbele kwa nguvu, ingawa saa ya fupanyonga ikiwa ndogo kwa kawaida haina shida. Aliyebadilishiwa kiungo cha nyonga afuate masharti ya daktari wake aliyempasua. Na mwenye kizunguzungu cha kubadilisha mlalo anaweza kukichochea kwa kugeuka ubavu hadi ubavu, hivyo agundue kwanza ni upande gani unaokileta.

Mdadisi alijibu:

Nimesoma majibu haya kwa makini, na ningependa kutia maji kidogo kwenye divai ya Mwalimu, bila kumvunjia heshima.

Mwaka 2019 serikali ya Australia iliziondoa tiba 16 za asili katika orodha ya huduma zinazoweza kulipiwa na bima binafsi za afya zenye ruzuku yake, baada ya mapitio kuona kwamba hazina ushahidi wa kutosha. Feldenkrais ilikuwamo. Alexander nayo ilikuwamo, licha ya lile jaribio la mwaka 2008. Naongeza kwa haki kwamba yoga, pilates na tai chi ziliwekwa katika orodha hiyohiyo, kwa hiyo kuondolewa huko hakumaanishi kwamba jambo limethibitishwa kuwa halifai. Kunamaanisha kwamba mlipaji alitaka uthibitisho ambao hakuupata.

Jambo la pili ni sifa za mwanzilishi. Moshé Feldenkrais, aliyezaliwa mwaka 1904 katika mji wa Slavuta ambao leo uko Ukraini, alikuwa mhandisi na mwanafizikia aliyefanya kazi katika maabara ya mwanasayansi Mfaransa Frédéric Joliot-Curie jijini Paris. Alikutana na Jigoro Kano, mwanzilishi wa judo, mwaka 1933, akawa miongoni mwa waliouingiza mchezo huo Ufaransa, na alianza kuuchunguza mjongeo wake mwenyewe kwa sababu ya goti lililoumia. Hata David Ben-Gurion, waziri mkuu wa kwanza wa Israeli, alikuwa mwanafunzi wake, na picha yake akiwa amesimama kwa kichwa ufukweni ilienea duniani. Hayo yote ni ya kweli na yanavutia, lakini hakuna hata moja linalothibitisha kwamba mgongo wa mtu mwingine utapona. Ninalisema kwa sababu matangazo ya masomo haya mara nyingi huanza na wasifu huo, kana kwamba fizikia ya mwanzilishi ni dawa.

La tatu, na hili ndilo linalonisumbua zaidi: wapo walimu wanaodai kwamba ubongo unabadilika hivyo maradhi ya kila aina yatabadilika. Kwamba ubongo hujifunza maisha yote ni kweli. Lakini gegedu iliyolika kwenye kiungo cha nyonga hairudi kwa sababu umeiwazia. Mzee wetu anasema kuvaa soksi ni taabu. Ikiwa maumivu yake yako mbele kwenye kinena na nyonga haizunguki kuelekea ndani hata mtu mwingine akiizungusha, basi kiungo chenyewe kichunguzwe, na asikae miezi akitafuta namba 3 kwenye saa.

Mwalimu wa Mijongeo alijibu:

Mdadisi, nayakubali mengi uliyoyaandika, hasa hilo la tatu. Mwalimu anayeahidi kutibu ametoka nje ya kazi yake. Sisi tunafundisha, na ndiyo maana tunasema mwanafunzi, hatusemi mgonjwa. Mafunzo ya ualimu wa mbinu hii huchukua takriban saa 800 zilizotawanywa katika miaka mitatu au minne, nayo hayamfanyi mtu kuwa daktari. Mimi humwomba kila mwenye maumivu mapya apimwe kwanza.

Pale tunapotofautiana ni kwenye kipimo cha mafanikio. Ukipima maumivu peke yake, utaona mabadiliko ya wastani. Lakini wanafunzi wengi huniambia kwanza kwamba wameacha kuogopa kuinama, na maumivu huwa habari ya pili. Kwa mtu ambaye ameyapunguza maisha yake yote ili mgongo usichokozwe, hofu hiyo ikipungua anarudi kutembea, anarudi kubeba, na huo mwendo wa kila siku ndio unaomjenga. Sidai kwamba kulala sakafuni kumemponya.

Mwanafunzi Mzee alijibu:

Nawashukuru nyote. Nimelijaribu somo la saa kwa utulivu, na nina mambo mawili. Kwanza, kuelekea 12 na 6 ni rahisi, lakini upande wa kulia nikifika karibu na 4 kuna mahali panakwama, na nimegundua kwamba hapohapo ndipo ninapozuia pumzi. Nyonga nimeizungusha kwa msaada wa mtu mwingine kama Mdadisi alivyoshauri. Inazunguka kuelekea ndani sawa na ya kushoto na kinena hakiumi, hivyo nimetulia kidogo. Pili, mke wangu naye angependa kujaribu, lakini magoti yake hayamruhusu kushuka sakafuni na kuinuka. Je, kuna namna ya kufanya mambo haya kitini? Na ile shida yangu ya kugeuka ndani ya gari inahusianaje na fupanyonga, wakati ninachogeuza ni shingo?

Mwalimu wa Mijongeo alijibu:

Kwamba umejikamata ukizuia pumzi ni hatua kubwa kuliko kumaliza duara. Ukifika karibu na 4, simama hapo, toa pumzi, rudi hadi 3, na uendelee kwa kiasi ambacho pumzi haitakatika, hata kama ni kidogo mno. Baadaye lianze duara kwa kinyume, uifikie 4 ukitokea 5. Mara nyingi njia iliyofungwa upande mmoja huwa wazi upande wa pili.

Kwa mama, kiti kinatosha kabisa. Kiwe kigumu, bila magurudumu, na kimo chake kimruhusu kuweka nyayo zote sakafuni. Akae mbele ya kiti bila kuegemea, atafute mifupa miwili ya makalio inayogusa kiti, kisha aviringishe uzito mbele na nyuma ya mifupa hiyo, huku akiangalia kifua kinavyoinuka na kushuka. Baada ya hapo ajifunze kuinuka. Watu wengi hujisukuma kwenda juu moja kwa moja, wakikaza shingo na kusukuma magoti kwa mikono, wakati uzito bado uko nyuma ya miguu. Avute nyayo nyuma kidogo ya magoti, aruhusu fupanyonga liviringike mbele, kichwa kitangulie mbele kabla ya juu, na makalio yatakuwa mepesi yenyewe uzito ukifika juu ya nyayo. Kipimo cha ubora ni hiki: katika hatua yoyote aweze kusimamisha mjongeo na kurudi alikotoka bila kudondoka kitini. Asipoweza, amekwenda kwa kasi ili kuficha sehemu ambayo hajaimudu. Mwanzoni awe na meza imara mbele yake ya kushika, na kuinuka huko kunayapa mapaja yake zoezi la nguvu ambalo Fizio amelisisitiza.

Kuhusu gari, mzee wangu, shingo peke yake haifiki unakotaka kuangalia. Pingili 7 za shingo huzunguka vizuri, 12 za kifuani zinazobeba mbavu huzunguka kiasi, lakini 5 za kiuno kwa pamoja huzunguka digrii chache tu kwa sababu ya umbo la maungio yake. Ukiligandisha fupanyonga kwenye kiti na kuzikaza mbavu, mzigo wote unabaki kwenye shingo na kiuno, yaani sehemu ambayo imechoka na sehemu ambayo haikuumbwa kuzunguka.

Jaribu hivi ukiwa kitini nyumbani. Geuka taratibu kulia, uone macho yanaishia wapi ukutani, kisha rudi katikati. Sasa geuka tena, lakini uache goti la kushoto liteleze mbele kidogo na la kulia lirudi nyuma, ili fupanyonga nalo ligeuke; fanya mara kadhaa kwa wepesi. Halafu geuza kichwa na mabega kulia huku macho yakibaki mbele, na baada ya kupumzika, geuza mabega kulia huku kichwa na macho yakielekea kushoto. Mjongeo huo wa kinyume unaonekana wa kipuuzi, lakini unayatenganisha macho, shingo na mabega ambayo yamezoea kwenda kwa kufungamana. Mwishoni rudia kugeuka kwa kawaida na utazame tena ukutani. Upande wa kushoto ufanye siku hiyo kwa mawazo tu, halafu uulinganishe.

Ndani ya gari nafasi ni ndogo, ila hata pale goti la kushoto linaweza kusogea mbele kwa upana wa vidole viwili na kalio la kushoto likawa jepesi. Jizoeze gari likiwa limesimama na injini imezimwa, rekebisha vioo vyako vizuri kwa sasa, na mkanda usiukaze kiasi cha kukuzuia kugeuza kifua.